Gunia ni Kilo Ngapi?

Kama uko Kiomboi unafunga duka, kama uko Manyoni unangoja usafiri, au uko hapa Singida mjini na upepo wa mwezi wa nane umekufukuza barazani, sogea karibu na redio.

Mwaka jana, majira kama haya, niliulizwa swali mezani kwangu nikashindwa kulijibu. Aliyeuliza ni mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 22. Aliyeulizwa ni mimi, niliyekuwa karani wa ghala kwa miaka 23, mtu ambaye magunia aliyoyahesabu ukiyapanga barabarani yangefika Itigi na mengine yakabaki. Akasema: "Mjomba, gunia ni kilo ngapi?"

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Nikamwambia ale kwanza, ugali unapoa.

Mpwa wangu huyo anasomea kutengeneza programu za kompyuta, katika chuo kimoja huko Dodoma. Muhula wa pili ukiisha, wanafunzi hutawanywa kwenda mafunzo kwa vitendo. Wenyewe wanasema fildi. Yeye alipangiwa wiki nane. Bodi ya Mikopo huwatengea fedha kidogo wale wenye mkopo, chuo kinawapa kitabu cha kuandika kazi ya kila siku, na mwalimu hupita siku moja kuona kama mtoto yupo kweli. Wenzake walikwenda Dar es Salaam, kwenye majengo yenye lifti. Yeye aliandika barua nane za maombi, hakujibiwa hata moja, akaangukia Singida kwa sababu Singida kuna mjomba, na mjomba hatozi kodi ya chumba.

Na hilo neno kodi lilituchanganya siku ile ile ya kwanza. Alirudi jioni akaniambia ameshinda akisoma kodi za watu. Nikadhani wamempeleka TRA. Kumbe ndivyo wanavyoyaita yale maandishi ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari. Nikamwambia basi kodi zote ni ndugu, maana hata hizi zetu hakuna anayezielewa mpaka akosee.

Waliompokea ni vijana wawili wenye chumba kimoja nyuma ya steshenari. Wanatengeneza programu za maduka, za shule, za vikundi vya kuweka na kukopa. Meza tatu, feni moja, na betri kubwa la kuvumilia umeme ukikatika. Alikuja amenuna, nisikufiche. Baada ya siku chache alinuniwa na kompyuta, akasahau kununa yeye.

Lakini alikuwa na bahati. Nimewaona vijana wa kompyuta wakimaliza wiki zao nane ofisini wakitoa kopi, wakipeleka chai, na wakiitwa kila printa inapomeza karatasi. Kitabuni wanaandika "nilishiriki kazi za TEHAMA", bosi anagonga muhuri bila kusoma, mwalimu anatia saini bila kuuliza. Wapo hata ambao hawakwenda kokote, muhuri umepatikana dukani kwa baba mdogo. Ofisi inayompokea mwanafunzi kisha ikamgeuza tarishi imemwibia, hata kama inampa nauli kila Ijumaa. Nimelisema, sasa turudi kwenye gunia.

Kazi aliyopewa binti ilitoka Misuna. Kama hupajui, Misuna ni soko la vitunguu hapa hapa manispaa. Msimu ukikolea malori yanajipanga, vumbi na maganda mekundu yanapeperuka mpaka kwenye chai ya mama ntilie. Kitunguu cha mkoa huu hupita pale kwenda Dar es Salaam na kuvuka mipaka kwenda nchi jirani. Mwenye ghala mmoja alitaka programu ya kuandika mzigo unaoingia na unaotoka: nani kaleta, magunia mangapi, kilo ngapi, nani kachukua, nani anadaiwa. Kwa mtu aliyetoka darasani hiyo ni kazi ya siku tatu. Jedwali la wakulima, jedwali la wanunuzi, jedwali la mizigo. Idadi zidisha kwa uzito, uzito zidisha kwa bei. Akaenda vizuri mpaka alipofika kwenye kisanduku kimoja kidogo kinachotaka ajaze uzito wa gunia. Ndipo akaja kuniuliza.

Wewe mkulima unayenisikiliza jibu unalo, ila liko mgongoni, haliko mdomoni. Sheria ya vipimo inataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100. Hilo ni gunia la serikali, na Wakala wa Vipimo wapo kulilinda. Gunia la pili ni lumbesa: linajazwa mpaka mdomoni, linaongezwa shingo, linavishwa kilemba cha neti, linafungwa kamba, linashindiliwa mpaka linasimama lenyewe kama mzee wa baraza. Hilo linaweza kubeba kilo 120, kilo 130, au zaidi, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kuna gunia la mpakiaji, anayelipwa kwa idadi ya magunia aliyoyabeba, si kwa kilo. Kuna gunia la dereva, ambalo ni nafasi kwenye fuso. Na kuna gunia la pale kwenye kizuizi cha ushuru barabarani.

Hili la kizuizini nilimweleza polepole, kwa sababu ndilo lenye fedha. Tangu mwaka 2017, anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru wa mazao. Sasa tani 1 ni magunia mangapi? Kwa gunia la sheria ni 10. Kwa lumbesa ya kilo 130, magunia 7 hayajafika tani, la 8 limeshapita. Kwa hiyo kijana aliyekaa mbele ya skrini, akiandika tu kwamba gunia ni kilo 100, ameshaamua nani atatozwa na nani atapita, ameshaamua mkulima gani atalipwa jasho lake lote na yupi atapunjwa kilo 30, na kubwa zaidi, hana habari kama ameamua. Yeye anaona amejaza kisanduku.

Niliongea mpaka ugali ukapoa kweli. Binti akakaa kimya, akimenya kucha. Kisha akasema: "Mjomba, kwenye mitihani uzito wa gunia tunapewa."

Nimelifikiria sana neno hilo. Silaumu chuo, mtihani lazima uanzie mahali. Lakini huku nje hakuna anayekupa uzito wa gunia. Unautafuta mwenyewe, na wenye nao hawapendi kuulizwa.

Akaenda Misuna kuutafuta. Siku ya kwanza alisimama karibu na mizani na daftari mkononi, kalamu sikioni. Madalali wakayeyuka. Mtu mwenye daftari sokoni ni wa Vipimo, au wa ushuru, au mbaya zaidi. Alirudi na ukurasa mtupu. Nikamwambia kesho aache daftari nyumbani, ajitande kanga, anunue vitunguu vya shilingi 1,000 kwa mama yeyote, akae. Akafanya hivyo. Saa nne asubuhi alikuwa ameshaambiwa habari za lumbesa, za neti mpya na neti kuukuu, za mchanga unaoachwa kwenye mizizi makusudi, na za mjukuu wa yule mama anayetafuta mchumba. Hilo la mwisho hakuliingiza kwenye programu.

Matokeo yake kile kisanduku cha uzito wa gunia kilifutwa. Mahali pake pakawekwa sharti moja: mzigo usiopimwa hauingii kwenye hesabu. Mwenye ghala alilalamika kwamba foleni itafika barabarani. Wakavutana, wakakubaliana magunia yapimwe manne manne, na programu igawanye yenyewe.

Kabla ya kufika hapo, kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye barua ya fildi. Wale vijana hawakumwambia aanze upya. Walimpa kodi iliyoachwa na mwanafunzi wa mwaka uliotangulia aiendeleze. Usiombe. Nilidhani fujo za maghala ninazijua. Yule kijana alikuwa amevipa vitu majina kama "x", "x1", "x2_mpya", na "x2_mpya_kweli". Hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Sehemu moja kila bei ilikuwa inapunguzwa shilingi 50, na hakuna aliyejua kwa nini: alikuwa ametoa ushuru, au gharama ya kamba, au alikosea tu. Siku nne mpwa wangu alihangaika na hizo shilingi 50. Ni sawa na kurithi shamba ambalo mpaka wake aliujua marehemu peke yake. Ndipo wale vijana wakamfundisha kutunza kazi toleo kwa toleo: kila badiliko linahifadhiwa na tarehe, jina la aliyebadilisha, na sentensi moja ya kueleza sababu. Mimi nilicheka. Kwenye leja zetu ukikata tarakimu ilikuwa lazima utie saini ya kifupi pembeni. Walimu wangu wa mwaka 1980 wangejiona wameshinda.

Lugha nayo ilimpa somo. Skrini ya kwanza aliiandika yote kwa Kiingereza, kwa sababu vitabu vyake ni vya Kiingereza na mkono umezoea. Mtunza ghala ni mama wa makamo, ameshika funguo za ghala lile miaka mingi kuliko umri wa binti. Akawa anajaza uzito pamoja na gunia mahali pa uzito bila gunia, na kinyume chake. Mtu mmoja akamwita mgumu wa kuelewa. Hakuwa mgumu, maneno ndiyo yalikuwa si yake. Binti akakaa naye, akamuuliza yeye hizo hesabu huziitaje kinywani. "Uzito na mfuko." "Uzito mtupu." Yakaandikwa hivyo hivyo, na makosa yakaisha siku hiyo. Kuna wakati tulilichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Watu wengi hawakuzitumia, wakaona Kiingereza ndicho kinachofanana na kompyuta. Mimi naona kinachofanana na kompyuta ni mama kujaza namba sahihi saa kumi na moja jioni akiwa amechoka.

Halafu kuna kisa cha deni langu. Binti alitaka kuijaribu programu nyumbani kwa majina ya kweli, akanakili daftari la ghala kwenye laptopu yake: majina ya wakulima, namba za simu, nani anadaiwa shilingi ngapi. Mmoja wa wale vijana alipoona akamwambia afute palepale. Hayo si maneno ya kuchezea, hao ni watu. Na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kijana wa watu akiibiwa laptopu kwenye basi, kijiji kizima kitajua nani anadaiwa. Basi binti akatunga wakulima wake wa uongo. Mmoja akampa jina langu, na deni la shilingi 3,000,000. Mpaka leo sijalilipa.

Msikilizaji, sasa nifike kwenye siku aliyorudi nyumbani bila kusema shikamoo.

Ilikuwa wiki ya tano. Programu ilikuwa imeanza kazi ghalani. Siku tisa kabla yake uliingia mzigo wa magunia 64, ukapimwa, tani nane hivi. Siku hiyo ukatoka, ukapimwa tena, programu ikatoa hesabu yake. Kwenye skrini, kwa maandishi mekundu: UPUNGUFU, KILO 212. Na pembeni, kwa kuwa binti alitaka taarifa iwe kamili, likatokea jina la mtunza ghala.

Mwenye ghala alikuwepo. Akasoma. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha binti. Alimgeukia mama akauliza tu: "Kilo mia mbili zimekwenda wapi?" Mama akatazama skrini, akatazama funguo mkononi mwake, akaziweka juu ya meza.

Binti alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni, hajavua viatu. Anasema alirudia hesabu yake mara tatu, haina kosa. Kujumlisha sahihi, kutoa sahihi. "Mjomba, nimeandika vizuri kabisa, na nimemfanya yule mama mwizi."

Nikamuuliza vitunguu vile vilivunwa lini. Hajui. Vilikuwa vimekauka mashingo? Hajui. Nikamwambia: vitunguu vinapumua. Kitunguu kibichi kutoka shambani kina maji. Ukikiweka kwenye ghala lenye upepo kama huu wetu, kila usiku kinaacha kidogo, na ganda linapukutika. Kwenye leja zetu kulikuwa na safu ya punguzo la kukauka. Karani ambaye mzigo wake haukupungua hata kilo moja kwa wiki mbili, huyo ndiye tuliyemchunguza, maana ameongeza mchanga. Kilo 212 kwenye tani nane kwa siku tisa, kwangu mimi, ni mama mwaminifu.

Niruhusu nitoke Misuna kidogo, nitarudi. Kompyuta ya kwanza hapa nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, kwa jina la kampuni ya Uingereza iliyoileta. Kazi ya kutunza hesabu za serikali kwa mashine haikwenda ilivyotarajiwa; hesabu zikavurugika, ikabidi watu warudi kwenye kalamu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Wenye umri wangu mnakumbuka jinsi neno kompyuta lilivyokuwa neno la magazeti ya nje. Ile kampuni nayo iliungana na nyingine mwaka 1968, ikawa ICL, na baadaye ikamezwa na Fujitsu ya Japani. Na hao hao ICL ndio waliotengeneza programu ya posta za Uingereza iitwayo Horizon, iliyoanza kazi mwaka 1999.

Horizon ilikuwa ikionyesha upungufu wa fedha kwenye posta ndogo za mitaani na vijijini. Neno lile lile. Msimamizi anafunga hesabu jioni, skrini inamwambia fedha hazitoshi. Anapiga simu kulalamika, anajibiwa mashine haina tatizo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kulipa fedha ambazo hazikuwahi kupotea, wengine walijiua. Ilichukua mpaka mwaka 2019 kwa Mahakama Kuu ya huko kukubali kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mpaka mwaka 2024 kwa Bunge lao kutunga sheria ya kufuta mamia ya hukumu zile.

Sisi tulipovurugikiwa tuliifungia mashine mlango. Wao waliifungulia, wakafungia watu. Na leo sisi nasi tumefungua: huwezi kulipa bili ya maji wala faini bila namba ya malipo, na dirishani tumezoea kujibiwa "mfumo umegoma", "mfumo haukutambui", "mfumo ndivyo unavyosema". Mfumo haujawahi kuamka asubuhi ukaamua kumkataa bibi wa Ilongero. Kuna mtu alikaa mahali, pengine ana miaka 22, pengine yuko fildi, akaandika mstari unaosema jina lazima liwe la namna hii, tarehe lazima iwe ya namna ile, gunia ni kilo 100. Nikisikia mtu anajibiwa kwamba mfumo umekataa, siku hizi nauliza nani aliuandika na alimuuliza nani.

Nirudi ghalani. Usiku ule binti hakulala vizuri. Nilisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa mara mbili. Alfajiri alitangulia kwa mtunza ghala kabla ya kwenda kazini. Alipiga goti, akamwamkia, akamwambia kosa ni lake. Mama akamjibu neno ambalo binti aliliandika kwenye kitabu cha fildi kama lilivyo: "Mwanangu, hiyo mashine yako ina macho, lakini haijawahi kubeba gunia."

Kisha wakafanya kazi. Waliweka magunia matano pembeni, wakayatia alama ya utepe, na kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakayapima, siku saba mfululizo. Wewe unaujua ubaridi wa Singida saa hizo, upepo ukikata kutoka upande wa Ziwa Singidani. Gunia la kwanza lilianza na kilo 126, kesho yake 125 na nusu, likaendelea kushuka. Lililokuwa limekaushwa vizuri shambani lilishuka kidogo. Lililokuja na unyevu lilishuka haraka. Mwenye ghala aliitwa kutazama daftari. Hakuomba radhi, sitakudanganya, lakini funguo alizirudisha mwenyewe mkononi mwa mama, mbele ya wapakiaji.

Binti akabadilisha programu. Neno UPUNGUFU likaondoka, pakaandikwa "tofauti ya uzito". Jina la mtu likaondolewa pale pembeni. Pakaongezwa swali la siku ya kuvuna na hali ya mashingo. Na tofauti ikizidi kiasi walichokiona kwenye yale magunia matano, skrini haimtaji mtu, inasema maneno mawili: "Pima tena." Akafundishwa na wale vijana jambo moja zaidi, kwamba mabadiliko ya namna hiyo hayawekwi asubuhi ya siku ya soko. Yanawekwa jioni, mzigo wa jana ukiwa umeshaandikwa, na nakala ya zamani ikiwa imehifadhiwa. Alilielewa haraka kwa sababu wiki ya nne alishaweka mabadiliko asubuhi, na ghala zima likarudi kwenye daftari mpaka saa nane.

Mwalimu wake alikuja wiki ya saba. Kijana mstaarabu, ana haraka ya gari la kurudi Dodoma. Akafungua kitabu cha fildi, akakuta wiki nzima imeandikwa "kupima vitunguu". Akauliza, na sauti haikuwa ya ubaya, kama hii ni kazi ya fani yake. Binti akamfungulia laptopu, akamwonyesha yale maneno mawili, akamsimulia habari ya mama na kilo 212. Mwalimu akasikiliza, akatazama saa, akatia saini. Kama alielewa au aliliwahi gari, sijui. Alama alizompa zilikuwa nzuri, lakini walimpa nzuri hata yule aliyegongewa muhuri dukani kwa baba mdogo.

Siku ya mwisho nilimkuta barazani akiandika. Nilidhani ni ripoti. Akaniambia hapana, anaandika maelezo ndani ya programu yenyewe, kwa mwanafunzi atakayekuja mwaka unaofuata. Aliniruhusu nisome. Alikuwa ameeleza kila jedwali, ameeleza lumbesa, na zile shilingi 50 amesema wazi kwamba asili yake haikupatikana, ameziondoa tarehe fulani kwa idhini ya mwenye ghala. Na juu kabisa ya sehemu ya hesabu za uzito kulikuwa na mistari miwili. Nimeikariri:

"Usibadilishe chochote hapa kabla hujaongea na mama wa ghala. Anapatikana kabla ya saa mbili asubuhi. Nenda na kanga au koti, kuna baridi."

Mwanafunzi wa mwaka huu ameripoti wiki mbili zilizopita. Ni kijana wa Tabora. Jana asubuhi nilipita Misuna kununua vitunguu, nikamwona amesimama karibu na mizani, koti limemzidi mikono, anamsaidia mama kufunga utepe kwenye gunia.